Mpimaji wa Lango la Sturvane

Kasisi Ombrecht hufundisha kwamba mashetani
waliumbwa kwa moto, nasi kwa udongo,
na kwamba walianguka kutoka juu kwa kiburi.
Simbishii. Yeye ana vitabu, mimi nina mizani.

Majira thelathini ya baridi nimekaa hapa langoni,
njia ya chumvi inapokatwa na theluji,
napima kila kipitacho: magunia, nyumbu,
bibi harusi na sanduku lake,
na wao pia, maana sheria ya mlima haibagui.
Hupanga foleni usiku, wapole kuliko wachuuzi.
Hawanuki kiberiti. Hawanuki chochote.
Hupanda kibao, nami nainua taa.
Mshale haugutuki.

Mmoja alikuja amekumbatia jiwe la kusagia.
Jiwe peke yake: ratili themanini.
Jiwe mikononi mwake: si kitu.
"Jaribu tena," akasema.
Nikajaribu mara saba, usiku ulikuwa mrefu.
Kisha akashuka, akatazama pembeni
kama mtu aliyesomewa orodha hadi mwisho
na jina lake halimo.

Daftari langu lina safu mbili.
Uzito: hakuna.
Sababu ya safari, hapo hujaza wenyewe,
kwa mwandiko wa mtoto anayeanza shule:
uzito.

Ndiyo maana hutukalia vifuani tukilala.
Si kutunyonga. Wanauliza kama tunahisi.
Ndiyo maana humwingia mtu, wakakopa ratili zake,
wakamkongoja ngazini juu chini, juu chini,
wasikie mbao zikilia chini yao.
Ndiyo maana huvunja mlango ulio wazi:
kilichovunjika husema kuna aliyepita.
Theluji haiwasemi. Huitembea kutwa nzima
nayo hubaki kama shuka jipya.
Eti walianguka! Hawajaanguka hata mara moja,
na hilo ndilo linalowala.

Msidhani nawatetea.
Kamba za daraja la Neth walizikata
ili waone jinsi kitu kinavyokwenda chini.
Watu arobaini na mmoja.
Na Pellin, mtoto wa shemeji yangu Ilvene,
aliyekuwa amebeba bata bukini wa sikukuu.
Bata aliruka.

Tulimbeba watu wanne. Jeneza fupi, la msonobari,
nalo lilituzamisha hadi magotini.
Nilipogeuka, yule wa jiwe la kusagia
alikuwa amesimama nyuma ya ua wa makaburi.
Hatazami jeneza. Hamtazami mama.
Anatazama nyayo zetu,
namna zilivyochimba.
Njaa nimeiona, mwaka ule ngano ilipogeuka nyeusi.
Haikuwa na macho kama yale.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa.
Yeye hata huo usufi angeulipia.

Usiku nilipanda mizani mwenyewe,
bila koti, bila buti.
Nilikuwa nimezidi ratili kumi na nne tangu jana.
Akabisha. Mashetani hubisha hodi,
hilo nalo vitabuni halimo.
"Nipe," akasema. "Utalala. Utakula.
Hutamkumbuka hata bata.
Nitaubeba vizuri. Sitautua."
Hakudanganya. Hawajui kudanganya, huo ni ufundi wetu.
Na mimi, niliyepima mizigo ya watu wote
nisitamani hata gunia moja,
nikaukumbatia ule wangu kwa mikono miwili, kama bahili,
nikamfungia mlango.

Asubuhi theluji ya kizingitini ilikuwa safi.
Nikaikanyaga polepole hadi kwenye zizi la nyumbu.
Sikutaka kutazama nyuma.
Nikatazama.